Anza na Mti, Ukuta Utafuata

Ramani nyingi za nyumba zina sehemu moja nyeupe. Vyumba vimepimwa mpaka sentimita ya mwisho, milango imechorwa inavyofunguka, hata kitanda na makochi vimewekwa mahali pake, lakini kuizunguka nyumba yote hakuna kitu. Labda neno moja limeandikwa pembeni: bustani. Nikiuona weupe ule najua kitakachotokea. Nyumba itajengwa, mafundi watafunga vifaa vyao na kuondoka, halafu mwenye nyumba atatoka nje na kujiuliza apande nini kwenye ardhi iliyoshindiliwa na magari, iliyojaa vipande vya tofali na zege lililokauka.

Mimi naamini kazi hii inapaswa kwenda kinyume chake. Nyumba inayoishi vizuri na bustani huanza na kile kilichopo kiwanjani kabla ya msingi kuchimbwa: miti iliyosimama, mteremko, njia ya maji ya mvua, upande unakotokea upepo. Na kuna jambo jingine, ambalo ndilo hasa limenifanya niandike. Tumechanganya kuitazama bustani na kuishi nayo. Picha zinazosambaa mtandaoni zinatuonyesha la kwanza na kulipa jina la la pili: ukuta mzima wa kioo, majani mabichi upande wa pili, mtu ameketi kwenye kochi jeupe akiangalia nje. Inapendeza, sikatai. Lakini kioo kisichofunguka ni mpaka kama ulivyo ukuta wa tofali. Hewa haipiti, harufu ya udongo uliolowa haipiti, na ukitaka kugusa jani itabidi uzunguke mpaka mlangoni.

Nyumba mashuhuri kuliko zote za namna hiyo iko Plano, katika jimbo la Illinois, Marekani. Msanifu Ludwig Mies van der Rohe aliibuni kwa ajili ya daktari Edith Farnsworth, ikakamilika mwaka 1951: bamba mbili za zege, moja ya sakafu na moja ya paa, zilizoshikwa na nguzo nane za chuma, na katikati yake kioo pande zote nne. Kwa macho ni kazi safi mno, na wanafunzi wa usanifu hadi leo wanaichora ili kujifunza. Lakini ukiuliza ilivyokuwa kukaa ndani yake, habari inabadilika. Sehemu za kuingiza hewa zilikuwa mlango na madirisha mawili madogo karibu na sakafu, upande mmoja tu. Kiangazi ndani palichemka. Majira ya baridi unyevu uliganda kwenye vioo. Usiku taa zikiwashwa, wadudu wa msitu mzima walivutwa na mwanga ule. Mti mkubwa wa mepo uliosimama upande wa kusini ndio uliokuwa ukiipunguzia nyumba makali ya jua; kwa maneno mengine, mti ulifanya kazi ambayo nyumba yenyewe haikujaliwa kuifanya. Halafu kuna Mto Fox. Mies alijua mto hufurika, akainyanyua sakafu kiasi cha mita moja na nusu hivi. Maji yaliingia mwaka 1954, yakaingia tena 1996, na tena 2008.

Naheshimu ujasiri wa jengo lile, ila siwezi kuliita nyumba iliyopatana na asili, maana asili ilibakia kuwa picha ukutani na ilipokuja yenyewe haikuwa na pa kupitia.

Kioo kikubwa kina waathirika wengine ambao mara nyingi hatuwahesabu. Ndege huona miti iliyoakisiwa kwenye kioo, wakadhani ni msitu, wakaruka moja kwa moja. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2014 walisema ndege kati ya milioni 365 na milioni 988 hufa kila mwaka kwa kugonga majengo nchini Marekani pekee. Na usidhani lawama yote ni ya maghorofa marefu: karibu nusu ya vifo hivyo walivihusisha na nyumba za kuishi za ghorofa moja hadi tatu. Mtu anapanda miti ili ndege waje, halafu anawawekea mtego mkubwa mbele yake. Dawa ipo na ni rahisi, wavu kwa nje au alama ndogo ndogo zilizokaribiana juu ya kioo kizima, lakini inabidi mtu akumbuke kuiweka.

Sasa linganisha na nyumba ambayo Frank Lloyd Wright aliichora mwaka 1935 kwa familia ya Kaufmann huko Pennsylvania, ile inayojulikana duniani kote kama Fallingwater. Kaufmann alitarajia nyumba itakayoyatazama maporomoko ya maji ambayo familia yake iliyapenda. Wright aliiweka juu ya maporomoko yenyewe. Ukiwa sebuleni huyaoni. Unayasikia, usiku na mchana. Kuna ngazi inayoshuka kutoka sebuleni hadi kwenye kijito. Na kuna jiwe. Mwamba ambao familia ilizoea kukaa juu yake kabla ya nyumba kuwepo haukupasuliwa wala kusawazishwa: umeachwa utokeze kwenye sakafu, mbele ya mahali pa kuwashia moto. Mawe ya sakafu kuuzunguka yamepakwa nta yanang'aa kama maji, na mwamba wenyewe umeachwa mkavu bila nta, kwa hiyo unaonekana kama jiwe lililojitokeza katikati ya kijito. Nikifikiria kupatana kwa nyumba na ardhi, nafikiria uamuzi ule. Ilikuwa rahisi zaidi kuleta baruti.

Wright naye aliacha deni. Vibaraza vya zege vya Fallingwater vinavyoning'inia juu ya maji vilianza kulegea tangu mwanzo, na mwaka 2002 ilibidi viimarishwe kwa nyaya za chuma zilizokazwa. Unyevu wa kijito haujawahi kuiacha nyumba ipumzike. Kuishi karibu na maji kuna gharama, na anayekwambia vinginevyo anakuuzia kitu.

Walioelewa jambo hili mapema kuliko wasanifu wa karne ya 20 ni wajenzi wa nchi za joto kali na ukavu, na silaha yao kubwa ilikuwa ua wa ndani. Hassan Fathy, msanifu wa Misri aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki 1989, alitumia maisha yake kueleza kwa nini nyumba zile za zamani zilifanya kazi. Maelezo yake ya ua ni mazuri kiasi kwamba inafaa tuyafuate polepole.

Usiku, ua hutoa joto lake kuelekea angani. Hewa ya moto hupanda, hewa ya baridi iliyo nzito hushuka na kujikusanya chini, kisha hupenya taratibu kwenye vyumba vinavyouzunguka. Asubuhi jua linapochomoza, kuta bado zinautia ua kivuli, na upepo wa moto unaopita juu ya paa hauwezi kuuondoa ubaridi ule uliokwisha tulia. Vyumba hubaki na ubaridi wa usiku mpaka mchana sana. Hakuna mashine hata moja hapo. Kuna umbo, unene wa kuta, na mti au chemchemi katikati ya kuongeza unyevu.

Halafu anakuja na kitu ninachokipenda kuliko vyote: takhtabushi. Ni baraza lenye paa lililowekwa kati ya ua wa ndani, wenye kivuli na uliosakafiwa, na bustani ya nyuma iliyo kubwa na yenye jua. Upande wa ua liko wazi kabisa, upande wa bustani lina ukuta wa mbao uliotobolewa tobolewa. Bustani ya nyuma, kwa kuwa ni kubwa na inapigwa na jua zaidi, hupata moto haraka. Hewa yake hupanda. Nafasi hiyo lazima ijazwe, na hewa ya kuijaza inatoka kwenye ua wenye baridi, ikipita katikati ya baraza. Aliyeketi pale anapata upepo hata siku ambayo hakuna jani linalotikisika mtaani. Bustani imekuwa sehemu ya mtambo wa nyumba. Ukiipanda bustani ile miti minene ikawa na kivuli sawa na ua, upepo unakufa. Kwa hiyo kupanda na kutopanda, wapi na kiasi gani, ni uamuzi wa usanifu sawasawa na kuchagua unene wa ukuta.

Ndiyo maana nasema kiungo cha nyumba na bustani ni ile sehemu isiyo ndani wala nje. Baraza, veranda, upenu mpana, roshani yenye paa, ngazi pana za kukalia. Hapo ndipo mtu anapokaa kweli. Kaa kwenye nyumba yoyote yenye veranda ya upana wa mita mbili na nusu au tatu, yenye mahali pa kuweka kiti bila kumzuia anayepita, uone watu wanakokimbilia jioni. Veranda ya mita moja ni njia ya kupita tu. Inachorwa kwa sababu ramani inapendeza ikiwa nayo. Nikilazimika kuchagua kati ya kuongeza chumba na kuongeza upana wa veranda, nitaupanua huo upana, na sitajuta.

Upenu nao unahitaji mtu anayejua jua linakwenda wapi. Karibu na ikweta jua la mchana hupita juu ya paa, kwa hiyo paa ndilo linalobeba mzigo mkubwa, na kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi, ambako jua huingia likiwa chini na upenu haulizuii. Hapo panahitaji mti, kimea kinachotambaa kwenye fremu iliyoachana kidogo na ukuta, au ukuta wa tofali zenye matundu. Laurie Baker, msanifu mzaliwa wa Uingereza aliyefanya kazi Kerala nchini India mpaka alipofariki mwaka 2007, alizitumia tofali za matundu kila mahali: mwanga unaingia ukiwa umekatwa vipande vipande, hewa inapita, na gharama ni ndogo kuliko dirisha. Ukiwa mbali na ikweta, jua huinama upande mmoja wa anga kwa miezi mingi, na hapo mti unaopukutisha majani ndio msaidizi bora: kiangazi unakupa kivuli, majira ya baridi unabaki na matawi matupu na jua linaingia.

Na kivuli cha mti si sawa na kivuli cha turubai. Mti hunywa maji kwa mizizi na kuyatoa kwa majani yakiwa mvuke, na kila lita inayogeuka mvuke huchukua joto la karibu kilowati-saa 0.7 kutoka kwenye hewa na jani. Mti mkubwa wenye maji ya kutosha ardhini unaweza kutoa lita 100 kwa siku ya joto. Hizo ni kilowati-saa 70, karibu sawa na joto ambalo kiyoyozi cha kawaida cha chumba kimoja huondoa kikinguruma kwa saa 20 hivi. Si ubaridi wote huo unaofika sebuleni, mwingi unachukuliwa na upepo, lakini weka mti mahali ambapo hewa inapita chini yake kabla ya kufika dirishani, na tofauti utaihisi kwenye ngozi.

Tatizo ni kwamba mti wa namna hiyo haununuliwi. Unaweza kununua mche, hata mti wa miaka kadhaa uliokuja na lori, lakini mwavuli wa majani wa mita 15 unatengenezwa na miaka tu. Basi kama uko tayari kiwanjani, una thamani kuliko mlango wowote wa mbao ghali utakaoagiza. Na miti mingi hufa wakati wa ujenzi bila kuguswa na shoka. Tingatinga linapita juu ya mizizi mara chache tu, udongo unashindiliwa, hewa haiingii tena. Mafundi wanachanganyia zege chini ya kivuli, jambo la kawaida kabisa, maana nani anapenda kufanya kazi juani, na maji ya saruji yanapenya kwenye udongo. Kifusi cha msingi kinamwagwa kuzunguka shina. Mti hausemi kitu mwaka huo. Miaka miwili au mitatu baadaye vilele vinaanza kukauka na watu wanasema ulikuwa mzee.

Mizizi mingi inayolisha mti iko kwenye udongo wa juu, kina kisichozidi mita moja hivi, na inaenea kupita ncha za matawi. Kanuni inayotumiwa na watunza miti ni kupima kipenyo cha shina kwa kimo cha kifua, kuzidisha mara 12, na kuzungushia uzio kwa umbali huo kutoka kwenye shina. Shina la sentimita 50 linadai mita 6 kila upande. Ndani ya uzio huo gari haliingii, matofali hayapangwi, udongo hauongezwi wala kupunguzwa. Uzio uwekwe kabla ya gari la kwanza kufika na uondolewe baada ya la mwisho kuondoka. Msingi ukilazimika kupita hapo, nguzo chache zilizochimbwa kwa mkono kati ya mizizi ni bora kuliko mtaro mrefu unaoikata yote. Msanifu Glenn Murcutt wa Australia, aliyepata tuzo ya usanifu ya Pritzker mwaka 2002, amejenga nyumba nyingi zilizonyanyuliwa juu ya nguzo, maji na hewa vikipita chini, na ardhi ikabaki ilivyokuwa.

Maji ya mvua ni nusu nyingine ya habari hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipigwa na mvua ya milimita 25 linakusanya lita 2,500 kwa mkupuo. Nyumba nyingi huyasukuma maji hayo barabarani haraka iwezekanavyo, kisha wiki inayofuata mwenye nyumba anamwagilia kwa maji ya kununua. Tangi ni jibu moja. Jibu ninalolipenda zaidi ni bonde la kina kifupi lililochimbwa mita kadhaa kutoka kwenye msingi, likapandwa mimea inayovumilia kulowa na kukauka, ili maji ya paa yatulie humo na kuzama ndani ya siku moja. Yasikae zaidi ya siku mbili, maana mbu huhitaji takriban wiki moja kutoka yai hadi kuruka, na huo muda usiwape.

Naam, mbu. Na mchwa, na majani yanayoziba mifereji ya paa, na mizizi ya jamii ya mikuyu inayotafuta nyufa za mabomba. Anayetaka nyumba iliyo wazi kwa bustani anakubali pia kazi hii: wavu kwenye madirisha yanayofunguka, ukanda wa kokoto kati ya ukuta na udongo wa kupandia ili unyevu na mchwa waonekane mapema, mti wenye mizizi mikali uwekwe mbali, ngazi ya kupandia paani mara kadhaa kwa mwaka. Wasiwasi wangu juu ya majengo marefu yaliyofunikwa miti, kama minara ya Bosco Verticale iliyokamilika Milan mwaka 2014, unatokea hapa. Ni mazuri na nafurahi yapo, lakini watunzaji wake huning'inia kwa kamba kupogoa matawi. Kwa mkaazi wa kawaida ni heri miti miwili ardhini ambayo ataimudu mwenyewe.

Wenye kiwanja kidogo wasikate tamaa. Mwaka 1976 msanifu Tadao Ando alijenga huko Osaka, Japani, nyumba nyembamba iliyobanwa na majirani, akaigawa sehemu tatu na kuiacha ya katikati wazi kabisa juu. Kutoka chumba kimoja kwenda kingine unapita chini ya anga. Mvua ikinyesha, unachukua mwavuli kwenda chooni. Mimi nisingefika huko. Ningeweka paa jembamba la kupitia. Hata hivyo, katika eneo dogo kiasi hicho wakaazi wale wanajua kila siku hali ya hewa ilivyo, na wapo wenye ekari nzima ambao hawaijui.

Aliyenifundisha subira ni Geoffrey Bawa wa Sri Lanka. Alikuwa mwanasheria, akanunua shamba la zamani la mpira karibu na Bentota mwishoni mwa miaka ya 1940, akalipa jina Lunuganga, na ni kule kutengeneza bustani kulikomwonyesha kwamba hajui ufundi wa kutosha. Akaenda kusomea usanifu na kufuzu mwaka 1957, akiwa na miaka 38. Aliendelea na Lunuganga mpaka alipofariki mwaka 2003. Aliugeuza mwingilio wa nyumba, akashusha kilima ili ziwa lionekane, akaning'iniza uzito kwenye matawi ya mti mchanga ili yatanuke alivyotaka. Nusu karne juu ya bustani moja. Msanifu Lina Bo Bardi naye alijenga nyumba yake ya kioo São Paulo, Brazili, mwaka 1951, juu ya nguzo nyembamba, na katikati ya sakafu akaacha uwazi wa mti kupita. Picha za mwanzo zinaonyesha nyumba iliyo peke yake juu ya mlima ulio wazi. Leo imezungukwa na msitu, na kioo kile, tofauti na cha Plano, kimepata kivuli cha kukistahimili. Hicho ni kioo ninachoweza kuishi nacho, kwa sababu mwenye nyumba alipanda.

Kwa hiyo ukiwa na mti mkubwa unaobeba nyumba yako kwa kivuli, usisubiri uanguke. Tafuta mahali pengine ambapo kivuli hichohicho kingefika, upande uleule wa jua, mita kadhaa nje ya mwavuli wa sasa ili mche upate mwanga, na uupande mrithi wake mvua zikianza. Mpe miaka yake 20 wakati mkubwa bado upo kazini. Wasanifu wachache watakuandikia hilo kwenye ramani, basi liombe.